Hivi hii protini ya kubeba mafuta (APOE) ndiyo inawasahaulisha wazee wetu, au tunatishwa tu?

#1 KibuyuChaMachame
Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo mnivumilie.

Mama mkubwa yuko Machame, ana miaka 78, mwaka jana tukaanza kuona mambo. Anaweka chumvi kwenye mboga, anakoroga, anaonja, anaifunika, akirudi anaweka tena, mpaka mboga hailiki. Majina ya wajukuu kayachanganya yote ila muulize bei ya kahawa ya ushirika enzi za Nyerere anakutajia mpaka senti. Sasa kuna binamu yetu yuko Marekani kapima vile vipimo vya mate vya kutuma kwa posta, akaambiwa ana APOE E4 kopi mbili (moja ya baba, moja ya mama), basi kaivalia njuga kwenye grupu la ukoo, kila mtu akapime, "ni jeni, iko kwenye damu yetu". Mashangazi wameshaanza kulia.

Mi nikaingia kusoma. Nilichokuta ni kwamba APOE ni protini ya kubeba mafuta mwilini, ina aina tatu, E2, E3 na E4, na Mzungu mwenye E4 moja uwezekano wake wa kupata Alzheimer (ule ugonjwa wa kusahau uzeeni) unapanda kama mara tatu, akiwa nazo mbili unafika mara nane mpaka kumi na mbili. Sawa. Lakini hapo hapo nikakuta Waafrika ndio tuko juu kwa kuwa na hiyo E4, na kule Ibadan Nigeria walifuatilia wazee wa Kiyoruba miaka na miaka hawakuona E4 ikiwafanya chochote. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: E4 kwa Mwafrika haina neno, tunatishwa na data za watu wengine. Mwenye hoja aje.

#2 MzeeWaKigoda
Nimevuta kigoda. Ila kama mama mkubwa anakumbuka bei ya kahawa mpaka senti, hebu muulizeni na hela za msimu wa 77 zilienda wapi.

#3 DaktariWaZamu
Mleta uzi umefanya kazi nzuri ila umeruka hatua. Tuanze na hiyo protini yenyewe.

Mafuta na maji havipatani, na damu ni maji. Kwa hiyo kolestro haiwezi kutembea yenyewe, inahitaji mchukuzi kama wale wa Kariakoo, na apolipoprotini E ni mmoja wao. Inatengenezwa kwa wingi kwenye ini, lakini ile ya ini haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo unajitengenezea ya kwake, hasa kupitia seli zinaitwa astrosaiti. Na ubongo ni mlaji mkubwa wa mafuta jamani, uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili ila unashikilia karibu robo ya kolestro yote uliyonayo.

Sasa hiyo APOE ni mnyororo wa asidi amino 299. Tofauti ya E3 na E4 ni sehemu moja tu, namba 112. Tofauti ya E3 na E2 ni namba 158. Basi. Pete moja kwenye mnyororo mzima, protini inajikunja vingine na inashika mafuta vingine.

Habari ya Alzheimer ilitoka 1993, Chuo Kikuu cha Duke, timu ya Allen Roses. Wakati huo karibu kila mtu alikuwa anaangalia amiloidi, yale mabonge yanayoganda kwenye ubongo, halafu wao wakaja na protini ya kolestro. Walionyesha kila kopi ya E4 inavyoongezeka hatari inapanda na umri wa kuanza kuumwa unashuka. Ila mnielewe, ni hatari, si hukumu. Kuna watu wana E4 mbili wanafika 90 wakiwa timamu, na kuna wengi wana Alzheimer bila E4 hata moja.

#4 mtotowabungo
Daktari nashukuru ila mi bado sijaelewa. Kubeba mafuta na kusahau vinaingiliana wapi? Mchukuzi akibeba vibaya si mzigo unadondoka tu njiani, kwani unaenda kufuta kumbukumbu?

#5 Maabara_Mbeya
@mtotowabungo hapo ndo watu wanapotoana macho mpaka leo, usidhani kuna jibu moja. Kuna wanaosema kazi ya APOE ni kusaidia kuzoa amiloidi, E4 ni mvivu wa kuzoa kwa hiyo taka inarundikana. Hilo ndo jibu la zamani na bado lina nguvu.

Af kuna kambi ya mafuta yenyewe. 2022 watu wa Li-Huei Tsai pale MIT walionyesha kwenye ubongo wenye E4, zile seli zinazovika nyaya za neva koti la mafuta zinajazana kolestro ndani badala ya kuipeleka kwenye koti, yaani bidhaa imejaa stoo na dukani hakuna kitu. Walipowapa panya dawa ya kuhamisha kolestro koti likanenepa na panya wakajifunza vizuri zaidi. Panya lakini, sio wewe.

Na 2024 ikatoka nyingine, ya maikroglia, askari wa usafi wa ubongo, wanavyojaa matone ya mafuta wenye E4 wakiona amiloidi, na wakishajaa wanatoa vitu vinavyoumiza neva. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba Alois Alzheimer mwenyewe kwenye karatasi yake ya 1907 aliandika kwamba ameona mafuta kwenye seli hizo za glia. Kila mtu akakumbuka mabonge na nyuzi, mafuta wakayaacha miaka mia.

#6 HojaKwaHoja
Nyie mnazunguka. Sababu ni mishipa. E4 inalegeza ule ukuta wa kati ya damu na ubongo, vitu vya damu vinavuja vinaingia kusikotakiwa. Kuna kazi ya Zlokovic na wenzake ya 2020, waliona ukuta unavuja kwa wenye E4 hata kabla amiloidi haijaonekana. Ndio maana wenye presha ndio wanasahau mapema. Dhibiti presha, hayo mengine porojo.

#7 Maabara_Mbeya
@HojaKwaHoja presha nakubaliana na wewe, ila "porojo" punguza. Dean Holtzman na wenzake St. Louis walionyesha 2017 panya wenye tau mbovu (tau ni protini nyingine, ndiyo zile nyuzi zinazoganda ndani ya neva) wakiwekewa E4 ya binadamu ubongo unasinyaa vibaya sana, wakiondolewa APOE kabisa ubongo unapona kiasi kikubwa. Hapo hakuna amiloidi. Kwa hiyo E4 ina zaidi ya mlango mmoja wa kuingilia.

#8 mtotowabungo
Si waitoe tu basi hiyo protini. Kama panya walipona.

#9 DaktariWaZamu
@mtotowabungo usicheke, hilo swali limeulizwa kwa uzito wote. Na kuna binadamu aliyezaliwa hana APOE kabisa, mwanamume wa California, ripoti ikatoka 2014. Kolestro yake ya damu ilikuwa imepita kiasi, ana vinundu vya mafuta vimejaa kwenye ngozi mpaka viganjani, lakini walipompima akili na kumpiga picha za ubongo wakakuta uko sawa. Alikuwa na miaka 40. Kwa hiyo kuna wanaosema bora usiwe nayo kuliko kuwa na mbovu. Mi sijafika huko, miaka 40 ni mapema mno kuhukumu.

#10 MunduWaNyeri
Hamjambo watu wa Bongo. Mimi niko Nyeri na nimesoma hii thredi yote nikasema wacha niingie, kwa sababu hapa kwetu walikuja kupima.

@KibuyuChaMachame kabla ya Nigeria kuna Afrika Mashariki yenyewe. Kalaria, Patel, Ogeng'o na wenzao wa Nairobi na Dar walitoa kazi zao miaka ya 1996 na 1997, walipima wazee wa Kenya na Tanzania wasio na ugonjwa wakakuta E4 ni karibu robo ya kopi zote. Kwa Wazungu wengi ni kama asilimia 14. Baadaye wakapima wazee hapa Nyeri, hawakuona E4 ikienda na kusahau. Kwa hiyo hoja yako ina miguu, lakini angalia idadi: watu walikuwa wachache. Ukipima wachache kitu kidogo hakionekani, haimaanishi hakipo.

#11 KibuyuChaMachame
@MunduWaNyeri karibu sana jirani. Lakini Ibadan hawakuwa wachache.

#12 MunduWaNyeri
Ibadan ni kweli, ile ilikuwa kazi kubwa. Ilianza 1992, Hendrie wa Indianapolis na Osuntokun na Ogunniyi wa Ibadan, wakalinganisha Wayoruba na Wamarekani weusi kwa vipimo vile vile. Ripoti ya 2001 inasema kwa mwaka Alzheimer mpya Ibadan ni asilimia 1.15, Indianapolis ni 2.52. Nusu! Watu ambao babu zao walitoka upande ule ule wa bahari.

Sasa wewe umesimama hapo ukafunga kitabu. Walipoendelea kuongeza watu, kwenye ripoti ya baadaye ya 2014, wakaona Wayoruba wenye E4 MBILI hatari yao imepanda kweli. Sio kama Wazungu, imepanda kidogo, lakini imepanda. Kwa hiyo "haina neno" buda hapana. Sema "ina neno dogo".

#13 MzeeWaKigoda
Neno dogo 😂 mleta uzi jibu hilo

#14 KibuyuChaMachame
Neno dogo sio neno la kulizia mashangazi. Bado niko pale pale.

#15 BintiKizimkazi
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat lakini nyumbani Unguja. Mnazungumza jeni tu hamzungumzi chakula. Bibi yangu kafika tisini na ushei anasoma Qurani kwa kichwa juzuu nzima, chakula chake maisha yake yote ni samaki, muhogo, nazi na mboga za majani. Huku Ghuba watu tuna sukari, tuna vitambi, hatutembei hata kwenda dukani, gari mpaka mlangoni. Hao wa Ibadan na Indianapolis si damu moja? Basi kilichobadilika ni sufuria.

#16 HojaKwaHoja
Dada hapo umepiga kwenyewe. E4 ukiilisha mafuta mengi na kukaa ndo inakasirika.

#17 Maabara_Mbeya
Ingekuwa nyepesi hivyo tungeshamaliza. Hao hao wa Ibadan 2006 walitoa karatasi ya kolestro. Walichokuta ni kolestro kupanda kulienda na Alzheimer kwa watu WASIO na E4. Kwa wenye E4 uhusiano huo haukuonekana. Sasa HojaKwaHoja tuelezee hiyo, kwa sababu kwa maelezo yako ilitakiwa iwe kinyume.

#18 HojaKwaHoja
Nipo barabarani nitarudi.

#19 Nesi_Minnesota
Habarini wapendwa. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Minnesota, zamu za usiku, Wakenya na Watanzania tumejaa. Nataka niseme kitu ambacho hamjakigusa. Huku mzee akikosea jina la mjukuu mara mbili mtoto wake anampeleka kupimwa wiki hiyo hiyo. Kwetu mzee akianza kuongea na marehemu tunasema uzee, au tunaanza kunong'ona nani kamroga, au mbaya zaidi yeye mwenyewe anaitwa mchawi. Mnajua wenyewe yaliyowapata vikongwe kanda ya ziwa. Kwa hiyo hizi takwimu za "Waafrika hawaugui" mimi nazitazama kwa jicho moja. Usichokipima hukioni.

Na wagonjwa wangu wakifika jioni hali inabadilika kabisa, kuna bibi mmoja jua likizama anakunja mablanketi yote anayapanga mlangoni anasema treni inakuja. Kila siku. Ukimwambia hakuna treni anapiga mtu. Nikajifunza kumuuliza "tiketi ziko wapi?", anaenda kutafuta tiketi, akifika kitandani kasahau, analala.

#20 mwl_Hai
Dada Nesi nikuunge mkono na nikupinge kidogo. Hapa Hai walipima, tena nyumba kwa nyumba, watu wa miaka 70 na kuendelea, zaidi ya elfu moja. Ripoti ya 2013 ikasema dimenshia, yaani kupoteza akili uzeeni, ni asilimia 6.4. Hiyo haiko mbali na nchi tajiri. Kwa hiyo wapo, ila walikuwa hawajapimwa, hawakuwa wamejificha kwa uchawi wote.

Kilichonivutia ni namna walivyobadilisha kipimo. Vile vipimo vya Ulaya vinamwambia mzee achore saa, aandike sentensi. Bibi ambaye hajashika kalamu tangu azaliwe atafeli na akili yake iko timamu. Wakatengeneza chao kinaitwa IDEA: anamwaga njiti za kiberiti mezani anakupangia umbo uigize, anakuuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani, leo siku gani, daraja ni nini, taja wanyama wengi uwezavyo, halafu maneno kumi uyakumbuke baadaye. Baba yangu alitaja wanyama mpaka mpimaji akamwambia inatosha mzee, akakataa, akaendelea na ndege.

#21 MzeeWaKigoda
Mzee wako apewe kitengo Wizara ya Maliasili.

#22 Nesi_Minnesota
@mwl_Hai asante kwa hiyo, sikuijua ya njiti za kiberiti, nimeipenda. Ila wale wa Hai walipima E4?

#23 mwl_Hai
Ninayozungumzia mimi ilikuwa ya kuhesabu wagonjwa, sio ya jeni.

#24 DaktariWaZamu
Nimerudi kutoka wodini, naona uzi umechanganya. Kuna jambo moja hamjaligusa na kwangu ndilo zito kuliko yote.

E4 haikai peke yake. Iko kwenye kromosomu namba 19 na pembeni yake kuna vipande vingine vya DNA vinavyoamua protini itengenezwe kwa wingi au kidogo. Walichofanya watafiti wa Miami ni kuchukua Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao damu yao ni mchanganyiko, wakaangalia ile sehemu ya jirani na E4 imetoka kwa babu Mwafrika au babu Mzungu. Kazi ya 2018. Waliokuwa na E4 iliyokaa kwenye kipande cha Kiafrika hatari yao ilikuwa ndogo kuliko waliokuwa na E4 ile ile kwenye kipande cha Kizungu. Watu wa nchi moja, maduka yale yale, hospitali zile zile. Baadaye walipoangalia seli za ubongo wenyewe wakaona ile ya Kiafrika inatengenezwa kidogo zaidi.

Kwa hiyo BintiKizimkazi sufuria ina sehemu yake, lakini sufuria haielezi hilo. Na KibuyuChaMachame kama unataka silaha ya kumjibu binamu yako, silaha yako ni hii, achana na ile "haina neno".

#25 BintiKizimkazi
Sufuria haijashindwa daktari. Kwani Indianapolis wana E4 ya kipande gani? Wengi si cha Kiafrika hicho hicho? Na bado wameugua mara mbili ya Ibadan. Nijibu hapo.

#26 MunduWaNyeri
Eish. Daktari hapo umeshikwa.

#27 DaktariWaZamu
Hahaha bibie umenikaba. Kipande kinaeleza kwa nini E4 ya Indianapolis ina nguvu ndogo kuliko ya Mzungu. Hakielezi kwa nini Indianapolis wanaugua kuliko Ibadan. Hayo ni maswali mawili na la pili naona presha, kisukari na shule zinaingia. Chukua nusu.

#28 mpenda_historia
Wadau naomba niwarudishe nyuma zaidi. Mnaizungumzia E4 kama hitilafu, wakati ndiyo aina ya KWANZA ya binadamu. E3 na E2 zimekuja baadaye. Sokwe wana inayofanana na E4 upande ule wa 112. Na ramani yake inachekesha, Mbilikimo wa Afrika ya Kati na Wakhoisan wako juu kabisa, watu wa Mediterania chini kabisa, halafu ukienda kaskazini Finland inapanda tena. Corbo na Scacchi waliandika 1999 kwamba waliokaa kwenye kilimo cha nafaka zamani ndio walioipoteza, waliobaki kuwinda na kuokota wakabaki nayo.

Kitu kibaya tupu hakikai miaka yote hiyo. Lazima kilikuwa na faida.

#29 Maabara_Mbeya
@mpenda_historia faida zipo za kuonyesha. Watoto wa mitaa ya mabanda Brazil, wenye kuharisha sana, wale wenye E4 akili zao zilisalimika zaidi. Na Watsimane wa Bolivia, wanaishi msituni, 2017 Trumble na wenzake walikuta wazee wenye minyoo mingi NA E4 walifanya vizuri kwenye vipimo vya akili kuliko wenye minyoo mingi bila E4. Yaani mwili ukipigana na vimelea, E4 iko upande wako. Ukishakunywa dawa za minyoo na kukaa ofisini, haina adui wa kupigana naye.

#30 MzeeWaKigoda
Kwa hiyo tuache albendazole?

#31 Maabara_Mbeya
Hapana mzee!! Na mtu asiinukuu hii kwenye magrupu ya familia. Minyoo inawamaliza watoto damu. Kunywa dawa.

#32 pembeni_tu
Mi nina swali la pembeni, yule mama wa Colombia ndo inakuwaje? Nilisikia alikuwa na jeni mbaya lakini hakuugua.

#33 DaktariWaZamu
Swali zuri sana. Antioquia, Colombia, kuna ukoo mkubwa ambao wana mabadiliko kwenye jeni nyingine, PSEN1, wanaanza kupoteza akili wakiwa na miaka arobaini na kitu tu. Francisco Lopera aliwafuatilia tangu miaka ya themanini mpaka alipofariki 2024. Kukawa na mama mmoja anayo hiyo jeni lakini alipita arobaini, hamsini, sitini, yuko sawa, akaanza kusahau kidogo baada ya sabini. Walipompiga picha ubongo ulikuwa umejaa amiloidi kupita jamaa zake wote, ila tau ilikuwa kidogo. Kwenye APOE yake, E3, akakutwa na badiliko linaitwa Christchurch kwenye kopi zote mbili, namba 136. Ripoti ilitoka 2019.

Kwa hiyo protini hii hii yenye kubomoa ndiyo ilimlinda. Sasa wanatengeneza kingamwili za kuiga hiyo kitu. Na Maabara atakubali kwamba ile hadithi ya "amiloidi tu" ilipata shida siku hiyo.

#34 Maabara_Mbeya
Nakubali nusu na mimi 😄

#35 KibuyuChaMachame
Jamani tusaidieni sisi wa kijijini. Binamu anasema kuna dawa sasa hivi, ya drip, na anataka tuchange tumpeleke mama mkubwa India.

#36 DaktariWaZamu
Dawa ipo kweli na mashine za pesa zipo kweli. Lecanemab ilipitishwa Marekani 2023, donanemab 2024. Zinaondoa amiloidi na zinapunguza kasi kidogo, hazirudishi kilichopotea, na ni kwa walio mwanzoni kabisa wa ugonjwa. Lakini sikilizeni: E4 hapa ndo inageuka jambo la kufa na kupona. Kwenye majaribio ya lecanemab ubongo ulivimba kwa karibu theluthi moja ya wenye E4 mbili, kwa wasio nayo ni kama asilimia 5. Wengi hawasikii kitu, wachache wanavuja damu kichwani. Ndio maana kwenye lebo kuna onyo na wanashauri upimwe jeni kwanza, na Ulaya wenye kopi mbili wamekatazwa. Inatakiwa upigwe MRI (picha ya ubongo) mara kwa mara. Mtu wa Machame MRI ya kila baada ya wiki kadhaa ataipata wapi?

Msichange hela bado. Kwanza mama mkubwa amepimwa nini mpaka sasa?

#37 KibuyuChaMachame
Kituo cha afya walimpa vitamini na vidonge vya usingizi wakasema ni uzee.

#38 DaktariWaZamu
Hivyo vya usingizi ndo mniangalizie, baadhi vinasahaulisha wazee vyenyewe. Beba dawa ZOTE anazomeza kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba, nenda naye hospitali ya rufaa. Apimwe presha, sukari, tezi la shingo, B12, damu, VVU na kaswende, ndiyo na kaswende, msicheke. Masikio na macho. Uliza kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa miezi ya karibuni, damu inaweza kukusanyika taratibu ikabana ubongo, hiyo inatolewa anapona. Na muulizeni kama ana huzuni, mzee aliyefiwa akanyamaza anafanana sana na anayesahau.

Baada ya hapo ndo tuongee APOE. Na kwa yeye aliyeshaanza kusahau kipimo cha APOE hakimwambii ana nini.

#39 KibuyuChaMachame
Alianguka bafuni mwezi wa nane. Kesho naongea na kaka yangu.

#40 mtotowabungo
Kwa sisi vijana je, tupime tujijue?

#41 Nesi_Minnesota
James Watson, yule wa DNA, 2007 walipomsomea jeni zake zote akasema mnipe zote isipokuwa APOE, hiyo sitaki kuijua, bibi yake alikuwa na Alzheimer. Mtu aliyepewa Nobeli kwa DNA! Halafu Chris Hemsworth wa sinema za Thor 2022 akajua ana E4 mbili, kapunguza kazi akae na watoto. Kila mtu na moyo wake.

#42 mpenda_historia
Kuna utafiti wa REVEAL, Robert Green, waliwaambia watu matokeo yao ya APOE kwa utaratibu na ushauri, wengi hawakupata sonona ya kudumu. Ila kuambiwa na mshauri na kuambiwa na binamu kwenye grupu la ukoo saa nne usiku ni vitu viwili.

#43 HojaKwaHoja
Nimerudi. Kuhusu kolestro na Ibadan, hao wasio na E4 ndio ushahidi wangu, kolestro inawaumiza. Sijashindwa.

#44 Maabara_Mbeya
Ulisema E4 ikilishwa mafuta inakasirika. Posti namba 16. Ipo hapo hapo.

#45 HojaKwaHoja
Nilisema kwa ujumla.

#46 BintiKizimkazi
😂😂 shekhe pumzika

#47 ngumi_jiwe
Wakuu mi nilikuwa bondia, Mwananyamala wananijua, nimestaafu. Hii E4 na ngumi za kichwa zina uhusiano? Mke wangu anasema nasahau hela ya matumizi.

#48 DaktariWaZamu
Mkuu uhusiano umeonekana. 1997 walipima mabondia 30 Marekani, wote watatu walioharibika vibaya sana walikuwa na E4 angalau moja. Walikuwa wachache lakini limeshikiliwa tangu hapo, maana APOE ndiyo inabeba mafuta ya kukarabati neva zilizoumia. Hesabu yako si jeni tu, ni ngumi ngapi umekula. Umepigana mapambano mengi?

#49 ngumi_jiwe
Mengi ila nyingi nilipiga mimi. Sikumbuki kupigwa sana.

#50 MzeeWaKigoda
Daktari umeona jibu lake?